Dawa ya Asidi Inataka Sababu, Saa na Tarehe

Hotuba kwa wakazi wa Langoni, Lamu, katika mwezi wa Shaabani

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, mama zangu, vijana, na nyinyi wahudumu wa afya ya jamii mliozunguka mitaani mchana kutwa kuwaita watu, ahsanteni kwa kuja. Wenye maduka ya dawa mliofunga mapema ili mkae nasi nawashukuru zaidi, maana sehemu kubwa ya maneno yangu inawahusu.

Ramadhani imekaribia. Kila mwaka ikifika Shaabani watu huanza kuja zahanati wamejishika hapa, kwenye chembe cha moyo, na swali lao ni moja: "Daktari, mimi nina vidonda vya tumbo. Nitaweza kufunga?" Nami huuliza, ni nani aliyekwambia una vidonda? Majibu nayajua kabla hayajatoka. Dukani waliniambia. Jirani yangu alikuwa hivi hivi. Nilitobolewa kidole, wakasema nina bakteria. Kisha mtu anaingiza mkono mfukoni na kutoa bahasha ndogo ya karatasi yenye kapsuli ndani. Haina jina la dawa wala jina la mgonjwa. Nikizitazama ni omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na amezimeza mwaka mzima, au miaka.

Sikuja hapa kuisema vibaya omeprazoli. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na imo katika orodha yetu ya Kenya, na imestahili kuwemo. Ninalotaka mlibebe mwende nalo ni kwamba dawa hii inataka sababu, inataka saa ya kumezwa, na inataka tarehe ya kurudi kukaguliwa. Ikikosa mambo hayo tunaila tu, na ugonjwa wenyewe tunaufunika.

Tuanze na maradhi. Chembe cha moyo kinauma au kinawaka, unakula kidogo unajihisi umeshiba, tumbo linajaa, unabeua, unasikia kichefuchefu, au kiungulia kinapanda kifuani mpaka kooni ukilala. Mambo hayo yakikujia leo kwa sababu ya biriani ya harusini, yatapita. Yakikaa wiki kadhaa, yakiondoka na kurudi, hapo tunasema ni maradhi ya kudumu na yanataka kuangaliwa. Lakini si kila mwenye dalili hizi ana kidonda. Wengi wanaotiwa mpira wenye kamera tumboni kwa malalamiko haya hawakutwi na kidonda chochote. Wako ambao asidi inawarudi juu kwenye umio. Wako ambao tumbo lao lina hisia kali tu na linafanya kazi bila mpango. Hawa nao wanaumwa kweli, msiwaambie wanajidekeza. Lakini dawa yao, muda wao na mategemeo yao si sawa na ya mwenye kidonda.

Hapa niwaondolee wapishi lawama. Kwa miaka mingi hata madaktari wakubwa walifundisha kwamba vidonda vya tumbo vinaletwa na pilipili na mawazo. Mgonjwa aliwekwa kwenye maziwa, akakatazwa kila chenye ladha, na mambo yakizidi akapasuliwa. Wazee mliokaa mbele hapa huenda mnawakumbuka watu waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili hiyo. Mwaka 1982, katika mji wa Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifanikiwa kumwotesha maabara bakteria anayeishi katika ukuta wa tumbo. Hawakuaminiwa. Mwaka 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, tumbo lake likavimba ndani na akaugua, na hoja ikaanza kusikilizwa. Mwaka 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyo ndiye helikobakta pailori. Pilipili na achari ya ndimu zinaweza kulichokoza tumbo ambalo tayari linauma, na anayeona zinamdhuru aziache. Lakini hazichimbi kidonda. Wachimbaji wakubwa wa vidonda ni wawili: pailori, na dawa za maumivu. Nitarudi kwa wote wawili.

Kwanza tuielewe dawa, kwa sababu wengi tunaila kwa namna ambayo haitusaidii. Katika ukuta wa tumbo mna pampu ndogo mno, kwa mamilioni, zinazotoa asidi. Ile dawa nyeupe ya maji unayotikisa kabla ya kunywa, na vile vidonge vya kutafuna, kazi yake ni kuizima asidi iliyokwisha kumwagika. Ndiyo maana unapata nafuu kwa dakika chache na baadaye moto unarudi. Omeprazoli haifanyi hivyo. Inapita tumboni, inanyonywa kwenye utumbo mdogo, inaingia katika damu, na kwa njia ya damu inaifikia pampu na kuifunga. Ila inaifunga pampu inayofanya kazi tu, na pampu huamshwa na chakula. Dawa yenyewe haikai katika damu muda mrefu. Kwa hiyo ni lazima iwe imefika wakati pampu zinaamka: nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Ukiimeza umeshashiba, au usiku unapokwenda kulala na tumbo limetulia, sehemu kubwa ya pesa yako imepotea. Pampu iliyofungwa haifunguki tena, mwili lazima uunde nyingine, na ndiyo sababu kidonge kimoja kinatosha kutwa ingawa dawa imekwisha kuondoka katika damu.

Mambo mawili madogo hapo. Usitegemee nguvu zake zote siku ya kwanza. Huchukua siku tatu hadi tano. Na usiifungue kapsuli ukaimwaga kwenye chai au uji wa moto, wala usiitafune. Zile chembe ndani yake zimevikwa gamba la kuzilinda na asidi ya tumbo. Ukilivunja gamba, dawa inaharibika kabla haijafika inakokwenda.

Sasa Ramadhani. Mwenye kidonge kimoja kwa siku ana njia mbili. Aamke kabla ya wenzake, ameze kwa maji, akae nusu saa ndipo ale daku. Au jioni afungue kwa maji, ameze dawa yake, aende kuswali Magharibi bila haraka, na akirudi ndipo aketi kwenye sinia. Wanaosumbuliwa zaidi usiku, hii ya pili huwafaa. Ninachoomba ni kwamba ukishamaliza daku usijitupe kitandani tumbo likiwa limejaa wali. Kiungulia cha alfajiri kwa watu wengi ni hicho tu. Kwa wanaoamshwa na asidi usiku, wekeni vipande vya mbao chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani, kitanda kiinuke kama shubiri moja. Kurundika mito hakusaidii sana, kunakunja tumbo. Na aliyetapika damu au aliyetoka hospitali karibuni kwa kidonda kilichovuja asifunge mpaka aonane na daktari wake. Ruhusa ya mgonjwa ipo katika dini yetu, na masheikh wetu hawajapata kuificha.

Nirudi kwa pailori. Hesabu zilizokusanywa kutoka tafiti nyingi na kuchapishwa mwaka 2017 zilikadiria kwamba barani Afrika watu 70 hivi kati ya 100 wanaye bakteria huyu. Wengi tunampata utotoni, ndani ya familia. Wengi wetu tunaye na hatuumwi. Kwa sababu hiyo, kile kipimo cha damu ya kidole kinachofanywa haraka haraka hakiniambii mengi. Kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na pailori. Hakijui kama yupo leo, na hata ukitibiwa akaisha, kipimo hicho kinaweza kuendelea kusema ndiyo kwa muda mrefu. Nimeona watu waliotibiwa tena na tena kwa kipimo hicho hicho. Kipimo ninachotaka ni cha choo, kinachotafuta bakteria mwenyewe, au cha pumzi pale kinapopatikana. Na hapa ndipo omeprazoli ya dukani inapotuharibia: inamdhoofisha pailori bila kumuua, kipimo kinamkosa, mtu anaambiwa hana, kumbe anaye. Inabidi dawa iwe imeachwa wiki mbili kabla ya kupima, na antibaotiki, yaani dawa za kuua bakteria, wiki nne. Katika siku hizo unaweza kujisaidia na ile dawa nyeupe.

Akipatikana, atibiwe sawasawa. Hapa kwetu mara nyingi ni omeprazoli pamoja na antibaotiki mbili, amoksisilini na klarithromaisini, asubuhi na jioni, kwa siku 14. Mwenye mzio wa penisilini aseme mapema, ana mpango wake. Klarithromaisini inaacha uchungu mdomoni, na tumbo linaweza kuendesha kidogo; nawaambieni mapema ili msiache siku ya tano mkidhani mmedhurika. Anayeacha katikati anawaacha wale bakteria wagumu, na mara ya pili dawa hizo hizo hazitafua dafu. Kisha upimwe tena, si chini ya wiki nne baada ya kumaliza. Asiyekuwa na pailori, au ambaye kipimo hakipatikani, tunampa omeprazoli miligramu 20 kila siku kwa wiki nne, halafu anarudi tuzungumze. Hiyo ndiyo tarehe ninayoisema, na naomba iandikwe juu ya bahasha.

Dawa za maumivu ndizo zinazonitia huzuni zaidi. Alikuja mzee mmoja na mfuko wa kitambaa, akaumwaga juu ya meza yangu. Palikuwa na diklofenaki ya magoti, anakula mara mbili kwa siku. Palikuwa na ibuprofeni, hii ya mgongo, aliyopewa na mtu mwingine. Palikuwa na aspirini ndogo ya moyo kutoka hospitalini Mombasa. Chupa ya dawa nyeupe imefika nusu. Na bahasha ya omeprazoli, ambayo alikuwa akiinunua kwa sababu diklofenaki inamchoma. Hakuna aliyewahi kuviona vyote pamoja. Kila duka lilikuwa na kipande chake. Nikamfunua kope la chini, ndani palikuwa peupe. Alikuwa anavuja damu polepole na hajui, akidhani anachoka kwa sababu ya umri.

Tulisimamisha diklofenaki na ibuprofeni siku ile ile. Magoti tukayapa parasetamoli na dawa ya kupaka. Aspirini sikuigusa, imewekwa kwa sababu ya moyo wake na si ya mtu kuiondoa kiholela. Na omeprazoli sikumwondolea. Mtu wa umri wake anayelazimika kutumia aspirini, na aliyekwisha kuvuja, anaihitaji iwe ulinzi, na kwake itaendelea muda mrefu. Angalieni vizuri hapo. Kapsuli ni ile ile aliyokuja nayo, lakini sasa ina sababu iliyoandikwa katika daftari lake, na rufaa ya kupimwa kwa kamera imeandikwa kando yake.

Nanyi wenye maduka, ndugu zangu, watu wanawaamini kuliko wanavyotuamini sisi. Wanakujieni usiku wakati zahanati imefungwa. Siwaombi mkatae kuuza. Mtu anawaka, ana haki ya nafuu. Naomba kabla ya kumpa mteja dawa ya asidi mumuulize anatumia dawa gani ya maumivu, amekuwa hivi kwa muda gani, na choo chake kina rangi gani. Akija mara ya pili kwa dawa ile ile, mleteni kwetu. Na mwenye vidonge vya zamani vya ranitidini, dawa nyingine ya asidi, katika kabati asiviuze wala asivimeze. Nchi nyingi zilianza kuiondoa mwaka 2019 na 2020 baada ya kukutwa na kemikali inayohofiwa kuleta saratani.

Rangi ya choo si jambo la kuonea haya. Choo cheusi kama lami, chenye kunata na harufu nzito, ni damu iliyotoka juu. Mama mjamzito anayetumia vidonge vya madini ya chuma naye hupata choo cheusi, kwa hiyo asishtuke, lakini aseme. Kutapika damu, au matapishi kama machicha ya kahawa. Chakula kukwama kikishuka, kwanza mkate na nyama, baadaye hata uji. Kukonda bila kukusudia. Kutapika kila siku. Kupungukiwa damu. Uvimbe tumboni. Dalili kuanza upya kwa mtu aliyepita miaka 55. Yeyote mwenye moja katika hizi asipewe kapsuli akaambiwa arudi mwezi ujao. Anahitaji kamera, na najua kwa wengi wetu maana yake ni boti hadi Mokowe na basi hadi Mombasa, na nauli, na mtu wa kufuatana naye. Ni taabu. Lakini saratani ya umio ipo sana katika nchi hizi zetu za Afrika Mashariki, na omeprazoli inaweza kuyatuliza maumivu miezi kadhaa huku ugonjwa unaendelea.

Na moyo. Kiungulia kinachokuja ukipanda ngazi au ukibeba mzigo, chenye jasho la baridi, pumzi fupi, au maumivu yanayokwenda mkononi na kwenye taya, hicho msikitafutie dawa ya tumbo. Wenye kisukari na shinikizo la damu hasa, nendeni hospitali saa ile ile.

Nimeulizwa sana kama dawa hii inaua figo, inavunja mifupa, inaleta kusahau. Maneno hayo yanatembea katika simu zetu. Tafiti nyingi zinazosema hivyo ziliwatazama tu watu waliokuwa wakiitumia, na watu hao tayari walikuwa wagonjwa kuliko wengine. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, lenye watu zaidi ya 17,000, liliwapa nusu yao dawa ya jamii hii hii, pantoprazoli, na nusu kidonge kisicho na dawa, kwa miaka mitatu hivi. Tofauti ya wazi iliyoonekana ni maambukizi ya tumbo na utumbo kuwa mengi kidogo kwa waliokula dawa. Asidi ni kinga yetu dhidi ya vijidudu vya chakula na maji, na katika mji ambao kipindupindu na kuhara si mambo mageni hilo lina uzito. Zipo pia athari chache zilizothibitishwa: magnesiamu na vitamini B12 kushuka kwa watumiaji wa muda mrefu, na mara chache figo kuvimba. Kwa hiyo anayeihitaji asiogope, na asiyeihitaji asiwe nayo.

Kuiacha kuna namna yake. Mwili ukikaa muda mrefu bila asidi ya kutosha unaongeza homoni ya kuidai, na dawa ikikatwa ghafla asidi inarudi kwa wingi kuliko ilivyokuwa. Mwaka 2009 watafiti wa Denmark walichapisha jaribio la watu wazima wa afya 120 wasiokuwa na ugonjwa wowote wa tumbo. Waliopewa dawa hizi wiki nane kisha zikaachwa, 44 kati ya kila 100 walipata kiungulia na maumivu. Wale wa kidonge kisicho na dawa ni 15. Hawa hawakuwa wagonjwa! Basi wewe uliyeacha siku tatu ukawaka moto, ukasema "kumbe siwezi kuishi bila dawa," huenda unachokisikia ni huko kurudi kwa asidi, na kunapungua kwa wiki chache. Shuka polepole: siku moja ndiyo, siku moja hapana, kisha siku ya dalili tu, na dawa nyeupe iwe karibu. Lakini mwenye kidonda kilichowahi kuvuja, mwenye umio ulioungua vibaya, mwenye aspirini kama mzee wetu yule, hawa wasiguse dawa yao kwa sababu ya maneno yangu ya leo. Waje kwanza.

Baada ya hapo yalikuja maswali. Mama mmoja aliuliza kwa niaba ya binti yake mjamzito. Nilimjibu kwamba kiungulia cha mimba ni cha kawaida, aanze kwa kula kidogo kidogo na dawa nyeupe, na isipotosha tunaweza kumpa omeprazoli. Imetumiwa na wajawazito wengi na haikuonekana kudhuru mtoto. Kwa kina mama pia nikaongeza la watoto wachanga: mtoto anayecheua maziwa na anaongezeka uzito hahitaji dawa ya asidi.

Swali jingine liliandikwa kwenye karatasi bila jina, na ni zuri kwamba liliulizwa. Anayetumia dolutegraviri, dawa ya virusi vya UKIMWI, anaweza kutumia dawa hizi? Omeprazoli haina ugomvi nayo. Dawa nyeupe yenye magnesiamu na aluminiamu ndiyo yenye shida, inaishika dolutegraviri tumboni isinyonywe. Umeze dolutegraviri saa mbili kabla ya dawa nyeupe, au saa sita baada yake. Na waliowekewa vipanua mishipa ya moyo wakapewa klopidogreli ya kuzuia damu kuganda waniambie, kwa sababu omeprazoli inaipunguzia nguvu na ziko nyingine katika jamii hiyo zinazofaa zaidi.

Mwisho mhudumu wa afya kutoka Kizingitini aliuliza afanye nini akiitwa usiku kwa mtu anayetapika damu. Asipoteze muda kutafuta kapsuli. Mgonjwa alazwe ubavu, asipewe chakula wala dawa yoyote ya maumivu, na apelekwe hospitali ya Faza au aletwe hospitali ya King Fahad hapa Lamu kwa boti ya kwanza inayopatikana. Dawa zake zote zije katika mfuko mmoja. Na wafuatane naye ndugu wawili watatu wenye afya, maana huenda akahitaji damu.